Tumbo, Moyo na Imani



Liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara na watu walioingia katika Uislamu karibuni, na hata na wale ambao wangali wanachunguza. Wao husema hivi: Kurani Tukufu, katika Sura Raad (13:29), yafundisha ya kuwa mioyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Mbona basi mtu husali sala tano, husoma, hutubu, na bado akaamka alfajiri moyo wake ukiwa mzito kama jiwe? Na aghalabu ukimwuliza mtu huyo zaidi, atakutajia jambo jingine ambalo yeye mwenyewe halihesabu kuwa linahusiana na hilo la kwanza, yaani tumbo lake halina raha. Linajaa upepo, linamsokota, leo anaharisha na kesho hapati choo. Chakula ambacho wenzake hukila wakashiba na kulala, yeye humkesha usiku.

Mtu wa namna hiyo hupewa majibu ya aina tatu. Wa kwanza humwambia kwamba imani yake ni haba, kwani kama angekuwa mwamini wa kweli asingehuzunika. Wa pili humwambia kwamba ameingiwa na jini, basi apelekwe akapungwe. Wa tatu, naye ni yule aliyesoma kidogo sayansi na kuiacha dini, humcheka na kusema: "Hayo ni mambo ya kemikali mwilini mwako tu, sala na dua hazina kazi hapo." Majibu yote matatu yamewadhuru watu wengi. La kwanza limewafanya wengine wajitenge na msikiti kwa aibu, la pili limewamalizia fedha na afya, na la tatu limewapokonya tumaini. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu, ukweli ni upi, na Uislamu wafundisha nini juu ya jambo hili.

Lugha yetu yashuhudia

Kabla ya kuwaendea wataalamu, tuisikilize kwanza lugha yetu wenyewe. Waswahili humsema mtu mwenye hofu na wasiwasi kwamba ana tumbo joto. Aliyechomwa na maneno makali hulalamika kwamba amekatwa maini. Mwenye chuki iliyojificha husemwa kwamba ana nyongo. Na neno uchungu twalitumia kwa ladha ya mwarobaini, kwa maumivu ya mama anayejifungua, na kwa huzuni ya aliyefiwa, yote sawasawa. Wazee wetu hawakuwa na darubini wala maabara, lakini walikwisha kutambua kwamba yanayotokea moyoni husikika tumboni, na yanayotokea tumboni hupanda mpaka moyoni. Hapana shaka kila mmoja wetu amepata kuketi mbele ya mtihani au mbele ya hakimu akalisikia tumbo lake likichafuka, hali hakula kitu kibaya.

Yaliyoonekana kwa macho

Jambo hili lilipata kutazamwa kwa macho huko Marekani. Mwezi Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa kwa bahati mbaya na risasi za bunduki ubavuni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu, na kijana akapona; lakini tundu lililofunguka tumboni mwake halikuziba tena. Kwa muda wa miaka kadhaa daktari huyo alichungulia katika tundu lile na kutazama jinsi chakula kinavyosagwa, na mwaka 1833 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Mojawapo ni kwamba kijana yule alipokasirika, tumbo lake lilivurugika na usagaji wa chakula haukuendelea kama kawaida. Hasira ilikuwa moyoni, nayo alama yake ikaonekana tumboni.

Serotonini ni kitu gani?

Zaidi ya miaka mia moja baada ya jeraha lile, mtaalamu wa Italia, Vittorio Erspamer, alikuwa akichunguza chembe fulani zilizomo katika utando wa ndani wa utumbo. Katika miaka ya 1930 alipata humo kitu kinachofanya misuli laini ijikaze, akakiita enteramini. Mwaka 1948, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, wataalamu watatu, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, walitenga kutoka katika damu kitu kinachokaza mishipa ya damu, nao wakakiita serotonini. Mwaka 1952 ikathibitishwa kwamba enteramini na serotonini ni kitu kimoja. Na mwaka 1953 Betty Twarog pamoja na Irvine Page wakatangaza kwamba kitu hicho hicho kimo pia katika ubongo wa wanyama. Basi kilianza kujulikana tumboni, kikaonekana katika damu, kisha kikapatikana katika makao ya fikira.

Watu wengi wakisikia neno serotonini hudhani ni kitu cha ubongo tu. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili, karibu 90 katika kila 100 au hata zaidi, imo katika njia ya chakula. Mwili huitengeneza kutokana na triptofani, ambayo ni sehemu ya protini tunayoipata katika maharage, mayai, samaki, maziwa, karanga na nyama. Chakula kinapopita utumboni, zile chembe za utando huguswa nacho nazo hutoa serotonini. Hiyo huziamsha neva zilizo karibu, na neva huamrisha misuli ya utumbo ijikaze na kulegea kwa utaratibu, ili chakula kisukumwe mbele. Ikiwa mtu amekula sumu, serotonini hutolewa kwa wingi, naye akatapika na kuharisha, ili sumu itoke. Hii ni rehema ya Mwenyezi Mungu ambayo sisi huiita ugonjwa.

Aidha, ukutani mwa utumbo umetandikwa mtandao wa neva zaidi ya milioni 100, wenye uwezo wa kuendesha kazi yake hata bila kungoja amri ya ubongo. Kati ya mtandao huo na ubongo umepita mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi. La ajabu ni kwamba nyuzi nyingi za mshipa huo hazichukui amri kutoka juu kwenda chini. Huchukua habari kutoka chini kwenda juu. Yaani tumbo humweleza ubongo mambo mengi zaidi kuliko ubongo unavyoliamrisha tumbo.

Tumbo lenye kusikia mno

Sasa wako watu ambao tumbo lao husikia kupita kiasi. Mwaka 1973 daktari James Ritchie wa Uingereza alieleza jaribio alilolifanya: aliingiza kifuko kidogo katika utumbo mpana wa wagonjwa na wa watu wazima, akakijaza hewa kidogo kidogo. Kwa kiasi cha mililita 60, zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walisikia maumivu, na hali watu wasio na ugonjwa huo walioumia kwa kiasi hicho walikuwa wachache sana. Utumbo wa wagonjwa wale haukuwa na kidonda. Ulikuwa unasikia tu kile ambacho wengine hawakisikii. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akisema anaumwa, hasemi uongo wala hajidekezi, hata kama daktari amempima asione jeraha.

Na je, ni huzuni inayoharibu tumbo, au ni tumbo linaloleta huzuni? Katika uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 2012, watu walifuatwa kwa miaka 12. Wale ambao mwanzoni walikuwa na wasiwasi mwingi ingawa tumbo lao lilikuwa zima, walielekea zaidi kupata ugonjwa wa tumbo baadaye. Na wale ambao mwanzoni walikuwa na tumbo bovu ingawa roho yao ilikuwa shwari, walionekana baadaye wakiwa na wasiwasi na huzuni zaidi. Njia hii basi ina kwenda na kurudi.

Hata hivyo yatupasa tuwe waangalifu, kwa sababu mwamini hasemi zaidi ya anayoyajua. Serotonini iliyotengenezwa utumboni haipiti kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mtu akila chakula fulani, serotonini ya tumboni itapanda kichwani na kumfurahisha. Habari hupanda kwa njia ya neva na kwa njia nyinginezo, wala si kwa kumimina kitu kama maji katika mtungi. Tena, mwaka 2022 wataalamu waliokusanya na kupitia uchunguzi wa miaka mingi walitangaza kwamba hawakuona ushahidi ulio imara wa kuonyesha kuwa ugonjwa wa huzuni husababishwa na upungufu wa serotonini peke yake. Huzuni ina mizizi mingi: urithi, misiba, ufukara, upweke, maradhi, ukosefu wa usingizi. Anayemwambia mgonjwa kwamba taabu yake yote ni kemikali moja iliyopungua, amemwambia jambo ambalo sayansi yenyewe haikulithibitisha.

Mafundisho ya Uislamu juu ya mwili na roho

Hatusemi kwamba Kurani Tukufu imelitaja jina la serotonini. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakihitaji kutetewa kwa maneno kama hayo. Lakini twasema kwamba msingi wa jambo hili, yaani mwili na roho havikutengana, umefundishwa na Uislamu waziwazi. Katika Sura Muuminun (23:52) Mwenyezi Mungu amewaamuru Mitume wale vilivyo vizuri na watende mema, akaziweka amri hizo mbili pamoja, ya chakula kwanza na ya matendo baadaye. Kama chakula kisingekuwa na athari juu ya matendo, utaratibu huo ungekuwa na maana gani?

Mwezi Desemba 1896 ulifanyika mjini Lahore mkutano mkubwa wa dini mbalimbali, na humo ikasomwa hotuba iliyoandikwa na Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s.; aliyeisoma alikuwa Maulvi Abdul Karim r.a. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba hali za mwili zina athari kubwa juu ya roho. Mtu akijilazimisha kulia, moyo nao huingia huzuni. Akijilazimisha kucheka, furaha hupata njia ya kuingia. Mwili ukisujudu, roho nayo hujifunza unyenyekevu. Na vyakula vya aina mbalimbali vina athari juu ya akili na tabia. Hayo yalisemwa miaka mingi kabla Erspamer hajazichunguza zile chembe za utumbo, nayo hayakutolewa maabara. Yametolewa katika Kurani Tukufu na katika kuyatazama maumbile.

Je, mwanadamu ni kemikali tu?

Huenda mtu akauliza: Ikiwa tumbo laweza kumtia mtu huzuni au hasira, basi hana lawama kwa lolote alitendalo, wala hakuna tofauti kati ya mchaji na mwovu ila tofauti ya matumbo yao. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hotuba ile ya Lahore imelijibu vizuri sana. Imeeleza kwamba mwanadamu ana hali tatu: hali za kimaumbile, hali za kiakhlaki, na hali za kiroho. Hasira, hofu, huzuni, njaa na furaha ni za kimaumbile. Kwa zenyewe si dhambi wala si thawabu. Hata mnyama ana hasira, na hata mtoto mchanga ana hofu. Zinapotawaliwa na akili na kutumiwa mahali pake na kwa wakati wake, ndipo zinakuwa akhlaki. Na akhlaki zinapoelekezwa kwa Mwenyezi Mungu peke yake, mtu huingia katika hali ya kiroho.

Tuchukue mfano. Watu wawili wameamka na tumbo linalosokota na moyo mzito. Wa kwanza anamtukana mkewe, anampiga mtoto, na anaacha sala. Wa pili anauona uzito ule ule, anajua kwamba huenda umetoka mwilini, anasema na mkewe kwa upole kwamba leo hajisikii vizuri, anasali hata kama ni kwa kuketi, na anakwenda kutafuta dawa. Maumbile yao asubuhi ile yalikuwa sawa. Akhlaki zao ni mbali kama mashariki na magharibi. Mwenyezi Mungu hatamwuliza mtu kwa nini tumbo lake lilitoa kemikali hii au ile. Atamwuliza alifanya nini na asubuhi ile aliyopewa. Kwa hiyo yule anayesema kwamba kemikali imeiondoa dini hakufahamu. Kemikali ni udongo, na dini ndiyo inayomfundisha mfinyanzi.

Na kwa sababu hiyo hiyo, utulivu ulioahidiwa katika Kurani Tukufu si ule wa mtu ambaye tumbo lake limeshiba na damu yake ni shwari. Nafsi yenye kutulia, iliyotajwa katika Sura Fajri (89:28), ni ile iliyopata pa kutegemea. Mti wenye mizizi hutikiswa na pepo mpaka majani yakapukutika, lakini haung'oki. Mwamini aweza kuwa na machozi machoni na utulivu chini yake.

Manabii pia walihuzunika

Anayedhani kwamba huzuni ni dalili ya imani haba, na aisome Sura Yusufu. Nabii Yakubu a.s. alihuzunika kwa ajili ya mwanawe mpaka macho yake yakabadilika kuwa meupe (12:85). Walipomlaumu, hakuwaambia kwamba hana huzuni, bali aliwaambia kwamba analalamika kwa Mwenyezi Mungu tu (12:87). Mama yake Musa, baada ya kumweka mwanawe mtoni, moyo wake ulibaki mtupu, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyeutia nguvu (28:11). Na Mtume wetu Mtukufu s.a.w. alimlilia mwanawe Ibrahimu, na katika dua zake alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni. Mtu hajikingi na kitu ambacho hakiwezi kumfikia. Ikiwa yeye, kiongozi wa Manabii wote, aliomba kinga hiyo, nani kati yetu atamwona nduguye duni kwa kuhuzunika?

Yatupasayo kutenda

Tukisha kufahamu hayo, yako mambo ambayo yatupasa tuyatende, nayo tutayataja kwa ufupi.

Kwanza, mwili ni amana. Abdullah bin Amr r.a. alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, na Mtume s.a.w. akamkataza asiendelee hivyo, akimkumbusha kwamba mwili wake na macho yake vina haki juu yake. Kukosa usingizi na kula ovyo huvuruga tumbo na moyo pamoja. Kurani Tukufu (7:32) imeruhusu kula na kunywa, na papo hapo ikakataza kupita kiasi. Na Mtume s.a.w. amefundisha kwamba tumbo lisijazwe: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ibaki kwa pumzi. Mwenye tumbo jepesi la kuumia atafaidika akila kidogo kidogo, taratibu, kwa saa zilizo maalumu, na akiangalia kwa makini ni vyakula gani vinamdhuru yeye, kwani matumbo hayafanani.

Pili, atafute dawa, maana Mtume s.a.w. amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Maumivu yakiwa pamoja na damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, au kutapika kusikokoma, asingoje. Aende hospitali mara moja. Hali kadhalika huzuni ikidumu kwa majuma, ikamnyima mtu usingizi, kazi na hamu ya kula, hiyo ni maradhi kama maradhi mengine. Na akianza kufikiri juu ya kujiua, amwambie mtu siku hiyo hiyo na apelekwe kwa daktari, wala asiachwe peke yake. Baadhi ya dawa za huzuni hufanya kazi kwa njia ya serotonini, na kwa kuwa serotonini imo pia tumboni, siku za kwanza huweza kuleta kichefuchefu au kuharisha. Mgonjwa akilijua hilo hataogopa. Asiziache ghafla, bali azungumze na daktari wake. Kumeza dawa hakupunguzi kumtegemea Mwenyezi Mungu. Alimjia Mtume s.a.w. mtu mmoja ambaye nduguye alikuwa anaumwa tumbo, akaagizwa ampe asali. Alirudi mara kadhaa kusema kwamba haijamfaa, na kila mara aliagizwa aendelee, mpaka mgonjwa akapona. Hapo tunajifunza uvumilivu katika matibabu.

Tatu, ruhusa za Mwenyezi Mungu zipokewe kwa shukrani. Katika Sura Bakara (2:185-186) mgonjwa ameruhusiwa asifunge Ramadhani, atimize hesabu siku nyingine, kwa sababu Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Wako watu ambao tumbo lao huharibika vibaya kwa kufunga, au wanaotakiwa wameze dawa mchana, nao hufunga kwa kuona haya watu. Huo si uchaji. Uchaji ni kutii, na mwenye kuiacha ruhusa ya Mola wake ili wanadamu wamsifu, amewatii wanadamu. Na asihuzunike kwamba amepungukiwa, maana Mtume s.a.w. amebashiri kwamba mgonjwa huandikiwa yale mema aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima.

Nne, tuwahurumie wenye huzuni kwa vitendo. Bibi Aisha r.a. alikuwa akiagiza talbina ipikwe kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya waliofiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume s.a.w. akisema kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Talbina ni uji mwepesi wa unga wa shayiri. Mwaka 2013 ulitangazwa uchunguzi mdogo wa Malaysia uliofanywa kwa wazee 30 wanaotunzwa katika makao ya wazee, nao uliona kwamba uji huo ulipunguza dalili za huzuni. Uchunguzi huo ni mdogo, na imani yetu haikujengwa juu yake. Lakini tazameni, ndugu, hekima iliyomo. Waliofiwa hawakupelekewa hotuba. Walipelekewa bakuli la uji wa moto, laini, usiolisumbua tumbo, na aliyeuleta akaketi nao. Nasi katika vijiji vyetu na mitaa yetu tunao uji wetu wa mtama, wa ulezi na wa mchele. Jirani yako akiwa na moyo mzito, usianze kumpima imani yake. Chemsha uji, umpelekee, uketi naye.

Tano, wala hili halikuwekwa mwisho kwa sababu ni dogo, sala isiachwe. Kama mwili una athari juu ya roho, basi roho nayo ina athari juu ya mwili. Njia ile ile ambayo kwayo huzuni hupanda, ndiyo njia ambayo kwayo utulivu hushuka. Mwenye kusali kwa utaratibu, akarukuu na kusujudu bila haraka, akapumua na kumweleza Mola wake haja zake kwa lugha anayoifahamu vizuri, ameupa mwili wake mara tano kila siku nafasi ya kutulia. Lakini asisali ili tumbo lipone. Asali kwa kuwa Mwenyezi Mungu astahili kuabudiwa, na kupona akuombe kama mtoto aombavyo kwa mama yake, akiwa na hakika kwamba anasikiwa hata kabla hajapewa.

Ndugu uliyeingia karibuni, na wewe ambaye ungali unachunguza: ikiwa moyo wako ni mzito na tumbo lako halina raha, usiseme kwamba Mwenyezi Mungu amekukataa. Aliyeziumba chembe zile ndogo katika utumbo wako, nazo zikajua bila kufundishwa ni lini ziisukume sumu itoke, anayajua maumivu yako kuliko daktari na kuliko wewe mwenyewe. Nenda kwa tabibu na kifua mbele, nenda msikitini na kifua mbele, kwani huko kote waenda kwa amri Yake.

Ewe Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa kweli, waponye wagonjwa wetu, watulize wenye huzuni, utujaalie tule vilivyo halali na vizuri na tutende yaliyo mema, na ututie huruma sisi kwa sisi. Amin.